Tukienda Gede, Tunamtafuta Nani? Hotuba kwa Walimu na Waelekezi wa Wageni

Assalaam alaikum. Hamjambo walimu? Hamjambo waelekezi wetu? Na nyinyi wazee wetu wa Gede mlioketi hapa mbele, shikamooni.

Mmetuita tuzungumze juu ya safari za wanafunzi kwenye magofu ya Gede. Katika mwaliko wenu kuna swali mlilolipigia mstari: watoto wakiuliza kama kweli mle ndani mna majini, tuwajibu nini? Swali hilo ni zuri na leo hatutalikwepa. Ila kwanza tuwaulizeni nyinyi. Mtoto akitoka Gede anajua kusimulia jini tu, na hajui kuwa kwenye nyumba ile palipatikana mkasi, wala kwamba kisima kile kiliongezwa kina kwa sababu maji yalizama, je, tumempeleka Gede kweli?

Wengi wenu mnapafahamu. Ni kilomita 16 kusini ya Malindi. Ukifika njia panda ya Gede kwenye barabara ya Mombasa unakunja kuelekea Watamu, na kibao utakiona kabla hujafika mbali. Ni mji mzima wa mawe ndani ya msitu. Ukuta wa nje umezunguka kama hekta 18, wa ndani kama hekta 7. Watu walianza kuishi pale karne ya 11 au ya 12, mji ukanawiri karne ya 15, na mwanzoni mwa karne ya 17 ulikuwa umehamwa kabisa. Mwezi Julai 2024 UNESCO iliuandika katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Sasa mwanafunzi wa Kilifi anaishi jirani na mahali ambapo watu wanasafiri kutoka mbali kuja kupaona. Je, yeye ataingia akiwa anajua anachokitazama?

Ndugu zangu, tuanze na hofu yenyewe, maana hofu nayo ina historia.

Inasemwa Gede ina wenyewe. Inasemwa wazee wa kale hawakuondoka, wanalinda mji wao, na anayeharibu kitu hupatwa. Tusiicheke kauli hiyo. Miti mikubwa iliyomea ndani ya kuta ilipata nafasi ya kukua kwa sababu kwa muda mrefu wengi waliliepuka eneo hilo. Hapa pwani tunajua mwiko unavyolinda mahali. Misitu ya Kaya ya Wamijikenda, ambayo iliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, imebaki hai kwa sababu wazee walikataza mtu kukata mti ovyo. Bila makatazo hayo, leo pangekuwa mashamba na makaa.

Lakini hofu haikutosha. John Kirk, mwakilishi wa Uingereza kule Unguja, alifika Gede mwaka 1884, kisha mahali pakasahaulika tena na watu wa serikali. Ilipofika miaka ya 1920, habari za magofu zikaenea. Pamoja na wageni waungwana wakaja wezi. Walitaka nini? Kaure za Kichina. Mafundi wa Gede walikuwa wanapachika bakuli na sahani za kaure ndani ya plasta ili kupamba jengo, na kwenye mihrabu ya Msikiti Mkuu, yaani kile kidaka cha ukutani kinachoonyesha upande wa kuelekea wakati wa kusali, mtaona mahali pake. Wezi walizibandua. Mwaka 1927 Gede ilitangazwa kuwa mahali pa kihistoria, na mwaka 1929, kutokana na wizi huo, ikawekwa chini ya ulinzi wa sheria.

Mnaona? Jini aliwazuia majirani, wala hakumzuia mtu wa mbali aliyekuja na patasi. Kwa hiyo mwelekezi anayemwambia mtoto "usiguse, utapagawa" amempa mtoto sababu dhaifu. Siku mtoto huyo akiacha kuamini, atagusa. Mwonyesheni shimo kwenye plasta. Mwambieni: hapa palikuwa na bakuli lililotoka China, likavuka bahari, likakaa kwenye msikiti huu miaka mingi, na mtu mmoja akalibandua kwa dakika chache. Ukimwonyesha shimo lenyewe, ataelewa bila kutishwa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo tungependa mlibebe kuliko yote.

Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba Gede kuanzia mwaka 1948 hadi 1958. Mengi ya majina ya nyumba mnayoyasoma kwenye vibao yametokana na vitu vilivyopatikana ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kauri (zile za baharini, si kaure), Nyumba ya Kijaluba cha Pembe, Nyumba ya Bakuli la Kaure, Nyumba ya Ushanga wa Venice. Katika kuchimba huko kulipatikana pia vyungu vilivyofukiwa ardhini karibu na milango ya nyumba. Wazee waliopo hapa wanajua nazungumzia nini. Fingo.

Fingo, kwa vijana ambao hawajalisikia neno hili, ni kago linalofukiwa ardhini kulinda nyumba, shamba au mji. Chungu kilifukiwa ili jini akaribishwe akae humo. Mwenye nyumba anapita salama, mgeni mwema anapita salama, lakini anayevuka kizingiti kwa nia mbaya huchanganyikiwa akili.

Basi niwaulize: majini ya Gede yaliletwa na nani? Si msitu uliokuja baadaye, wala si hadithi za watalii. Wenye mji waliwaalika wenyewe. Waliwaalika kwa sababu walikuwa na mali, na mwenye mali anaogopa wezi. Hebu ingieni kwenye nyumba mojawapo mtazame nyuma kabisa. Kuna chumba kidogo kisicho na mlango. Mnatafuta mlango hamuuoni. Nyanyueni macho: kuna tundu juu ukutani. Mtu alipanda ngazi, akaingia kwa tundu, akashusha ngazi ndani au akaitoa. Ndiyo stoo ya vitu vya thamani. Mlangoni fingo, nyuma chumba kisicho na mlango, nje ukuta wa mji, na ndani ya ukuta huo ukuta mwingine.

Mwalimu, hapo ndipo jibu lako lilipo. Mtoto akiuliza "kuna majini?", usiseme ndiyo, usiseme hapana, maana nyumbani kwake ana imani yake, na mzazi wake hakukutuma ukaibishie. Mwambie: watu walioishi hapa waliamini kuna majini, wakawafukia chungu mlangoni wawalindie mali. Kisha muulize yeye: kwa nini mtu aone kufuli haitoshi? Alikuwa na nini ndani? Alimwogopa nani? Darasa litachangamka, na mtakuwa mnazungumza historia tupu. Mtazungumza biashara ya Bahari ya Hindi, kaure za China, vyombo vya Uajemi, shanga za Bara Hindi, na pembe za ndovu za kwetu zilizokwenda kulipia vyote hivyo.

Na muwaambie pia hili, kwa sababu linashangaza. Wareno walifika Malindi mwaka 1498. Wakakaa pale karibu miaka mia, hadi walipohamishia makao yao Mombasa mwaka 1593 na kuanza kujenga Ngome ya Yesu. Muda huo wote mji wa mawe ulikuwa kilomita 16 kutoka walipolala, na katika maandishi yao yaliyopo hakuna mahali unapotajwa kwa jina hili la Gede. Kama mnataka fumbo la kuwasisimua vijana, hilo ni fumbo la kweli.

Ndugu waelekezi, sasa tuseme juu ya kile kinachosikika.

Hata Kirkman, mtu wa vipimo na madaftari, aliandika kuwa alipoanza kazi pale alihisi kama kuna mtu anamtazama kutoka nyuma ya kuta. Kwa hiyo mgeni akikwambia "nahisi natazamwa", usimwone mwoga. Mpe sababu anazoweza kuziona.

Msimamishe kwenye chumba cha ndani. Mpe kamba yenye vipimo apime upana, na mara nyingi atapata kama mita mbili na nusu. Kwa nini chembamba hivyo? Kwa sababu dari ilikuwa ya mawe na chokaa, nzito, na ilibebwa na boriti za mikoko. Boriti ikizidi urefu huo inapinda na dari inakuja chini. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, Gede, Lamu na kwingineko pwani. Chumba kikawa kirefu, chembamba, bila dirisha, mwanga ukiingia kwa mlango wa uani peke yake. Leo dari zimeanguka, milango ya mbao imeoza, zimebaki nafasi za milango zikitazamana. Popote unaposimama kuna uwazi nyuma yako. Nani asingegeuka?

Halafu kuna miguu. Watu wengi wanasema walisikia mtu anakimbia kwenye majani makavu, akasimama, akakimbia tena. Huyo ni sange. Msitu wa Gede na wa Arabuko-Sokoke ni makazi ya sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza na manyoya ya manjano mgongoni karibu na mkia. Anaishi pwani ya Kenya tu. Akishtuka hupiga majani kwa mkia kisha hutimka, na kishindo chake hakilingani kabisa na mwili wake. Katika miaka ya 1970 mtafiti Galen Rathbun aliwafuatilia humo humo Gede, akaonyesha kwamba wanaishi dume na jike wakilinda eneo lao. Mkitaka watoto wamwone, watembee wanne wanne, wasimame kimya dakika tano, macho chini. Darasa zima likienda kwa kelele litasikia kishindo tu, na hadithi ya jini itapata nguvu mpya.

Juu ya miti kuna kima. Hao hawana utulivu. Mfuko wa nailoni ukilia tu wanashuka. Chakula chote kibaki ndani ya basi, na mtoto asimnyooshee kima mkono wenye kitu.

Haya hayapo kwetu peke yetu. Kule Uingereza, kwenye jumba la kifalme la Hampton Court, kuna ukumbi unaosemekana kupitiwa na mzuka wa malkia Catherine Howard aliyekatwa kichwa mwaka 1542. Mwanasaikolojia Richard Wiseman na wenzake walifanya utafiti pale na kule Edinburgh, na mwaka 2003 wakachapisha kwamba hisia za wageni zilijikusanya mahali fulani fulani, na kwamba hali ya mahali penyewe, kama mwanga na ukubwa wa chumba, ilihusika. Nawatajia hilo ili mjue kwamba mnapopima chumba kwa kamba mnafanya kazi ile ile ya wataalamu.

Sasa twende kwenye safari yenyewe, hatua kwa hatua, kwa sababu hapa ndipo mambo huharibika.

Pigeni simu na kuandika barua mapema, mkitaja idadi ya wanafunzi na darasa. Ulizeni ada ya wanafunzi ni kiasi gani na inalipwa vipi. Malipo ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya siku hizi hupitia eCitizen, tovuti ya serikali ya huduma na malipo, na kulipia watoto themanini langoni kwa simu moja yenye mtandao hafifu kutakula asubuhi yenu yote. Lipeni mkiwa shuleni, mchapishe risiti.

Fikeni saa tatu asubuhi. Jua likiwa bado chini mwanga unaingia kwa ubavu, na alama kwenye plasta, vidaka na michoro, huonekana vizuri. Adhuhuri chini ya miti mwanga hutawanyika, kila kitu hugeuka kijivu, na joto la unyevunyevu huwachosha wadogo. Lita moja ya maji kwa kila mtoto. Viatu vilivyofunika vidole, kwa sababu ya siafu, mizizi na mawe ya matumbawe ambayo yakivunjika yana ncha kali. Wakati wa masika mawe huota ukungu wa kijani na kuteleza, kwa hiyo kama mnaweza, epukeni mwezi wa Mei.

Mtu mzima mmoja kwa watoto kumi, wala si pungufu. Sababu ni visima. Mji una visima kadhaa vya kuchimbwa, vingine kingo zake ziko chini. Kabla kundi halijafika, mtu mzima mmoja atangulie asimame kando ya kisima, na asiondoke hadi mtoto wa mwisho apite.

Anzeni kwenye jumba la makumbusho, msianze magofuni. Wengi hufanya kinyume kwa sababu watoto wana hamu ya msitu, kisha wakifika kwenye kabati za vioo wamechoka. Mtoto akishaona vitu vya chuma, ushanga na vipande vya kaure, akienda kusimama kwenye Nyumba ya Mkasi anajua amesimama kwenye nyumba ya mtu.

Kutoka hapo nendeni Kaburi la Tarehe. Lina maandishi ya Kiarabu yenye mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399 Miladia. Simameni hapo muda wa kutosha. Kaburi hilo lenye mwaka ulioandikwa limewasaidia wataalamu kukadiria umri wa mengine yote yanayolizunguka. Waambieni watoto hapa pamelala mtu, na wazikwa wa Gede ni wa kuheshimiwa kama wa makaburi ya kijijini kwao. Hakuna kukaa juu, hakuna kupigia picha za mzaha.

Kisha Msikiti Mkuu. Nguzo zilikuwa 18, safu tatu za sita sita, na safu ya katikati imesimama mbele ya mihrabu. Mihrabu iko kaskazini, kwa kuwa kutoka pwani yetu Makka iko kaskazini. Mwenye kupotea magofuni na akaijua mihrabu, ameshapata dira. Juu ya tao la mlango wa mashariki mtafuteni mkuki uliochongwa. Mfundishe mtoto kuutafuta mwenyewe kabla hujamnyooshea kidole.

Nje ya msikiti kuna kisima, na hapo ndipo pa kusimulia mwisho wa mji. Kisima hicho kiliongezwa kina baadaye. Mnajua maana yake? Maji yalikuwa yanashuka. Wataalamu wanataja sababu nyingine pia: uvamizi wa Wazimba, wapiganaji waliotoka upande wa kusini, miaka ya 1580, vita kati ya Mombasa na Malindi, na Waoromo waliokuwa wakisukuma kutoka kaskazini. Lakini kisima watoto wanakiona kwa macho yao. Huku Kilifi, mtoto anayeamka alfajiri kuchota maji hahitaji kuelezwa mara mbili kwa nini watu huhama.

Baada ya hapo Jumba la Kifalme na nyua zake zilizochimbwa chini kidogo ya usawa wa ardhi, kisha nyumba. Waonyesheni vyoo. Ndiyo, vyoo. Kila nyumba ya mawe ilikuwa na choo chake cha shimo na mahali pa kujisafishia. Mwisho wa yote, jukwaa lililojengwa juu ya mti. Wapande wachache wachache, na mwelekezi ndiye aamue ni wangapi. Kutoka juu mpango wa jumba wote unaonekana, na baada ya kuwa wametembea ndani wataweza kutambua wapi walikuwa.

Neno juu ya kuta. Hakuna kupanda, hata kwa picha moja. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo mwekundu na chokaa, na dari zilizokuwa zikizifunika mvua hazipo. Mtoto wa kilo 35 anaweza kulegeza jiwe lililokaa miaka mia sita. Na mkiona mzizi umekumbatia ukuta msiulize kwa nini haukatwi. Pengine mzizi huo ndio unaoushikilia, ukikatwa unaoza, unaacha tundu, na ukuta unafuata. Vilevile wapo wanaouliza kwa nini ukarabati hautumii saruji, ambayo ni imara zaidi. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na haipitishi unyevu. Maji na chumvi hunaswa nyuma yake, na jiwe la kale humomonyoka huku saruji ikibaki. Chokaa hupumua, ndiyo maana mafundi wetu hurudi kwenye chokaa.

Limebaki swali mlilotuuliza mlangoni: na mtoto anayelia, anayekataa katakata kuingia? Asivutwe mkono. Asichekwe, na wenzake wasiachiwe wamcheke. Mwalimu mmoja abaki naye makumbusho, amwonyeshe vitu vilivyomo, halafu waende wawili hadi Kaburi la Tarehe, ambalo liko karibu na lango. Akitaka kuendelea, wataungana na wengine kwenye msikiti. Asipotaka, aende Kipepeo, mradi wa vipepeo ulioko hapo hapo kwenye eneo la magofu tangu mwaka 1993, ambapo jamii zinazopakana na msitu hufuga viwavi na kuwauza wakishageuka kuwa pupa, hatua ya mwisho kabla ya kuwa vipepeo. Mwelezeni mzazi wake ilivyokuwa siku hiyo hiyo mnaporudi, kabla hajasikia kwa mtoto mwingine.